Maisha ya Zheng He, Mtu wa Majina Mawili



Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, na Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nieleze maisha ya mtu mmoja maarufu wa kale. Nimemchagua Zheng He, mkuu wa merikebu za Uchina, aliyezaliwa mwaka 1371. Najua wengi wenu mmekwisha sikia habari za merikebu zake katika somo la historia. Lakini mimi sikumchagua kwa ajili ya merikebu. Nimemchagua kwa ajili ya jina lake la ukoo, na sababu yake ni hii.

Baba yangu alifariki nikiwa mtoto wa miaka 4. Mjomba wangu ndiye aliyenichukua akanilea, na siku ya kuanza shule ya msingi yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka. Karani aliyekuwa akiandikisha watoto alimwuliza mzee aliyenileta jina lake, akaliandika katika daftari karibu na jina langu, kana kwamba ndiye baba. Tangu siku hiyo hati zangu zote, hata cheti nilichopata nilipotoka katika shule hii, zina jina la mjomba. Ninyi mlio wa kwetu hapa Uganda mnajua uzito wa jambo hilo. Ukoo wa mtoto ni ukoo wa baba yake, naye mjomba ni mtu wa ukoo mwingine. Wenzangu wa bwenini walipojua habari hiyo walinifanyia mzaha, wakaniita mtu asiye na kwao. Mzaha huo ulinikaa moyoni. Nilipomaliza masomo nikaazimia kwenda kwa wakili ili jina la mjomba lifutwe. Wakati huo huo ndipo nilipokuta katika kitabu cha historia habari za mtu aliyepatwa na mambo kama yangu, ila yake yalikuwa mazito kuliko yangu mara nyingi.

Kwanza yafaa tuelewe desturi ya majina ya Wachina. Wao hutanguliza jina la ukoo, kisha hufuata jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo katika Zheng He, Zheng ni ukoo, na He ni jina lake. Jina la ukoo huitwa xing. Herufi ya neno hilo imeunganishwa kwa sehemu mbili: moja ni ya mwanamke, na ya pili ni ya kuzaa. Majina ya koo za Uchina ni ya zamani sana, na mengine yana umri wa miaka zaidi ya 2,000. Katika lugha yao raia wa kawaida huitwa watu wa majina mia, ingawa majina yenyewe ni mengi kupita mia. Kwa karne nyingi sheria ilikataza watu wenye jina moja la ukoo kuoana, kama ilivyo mwiko kwetu watu wa ukoo mmoja kuoana. Mtoto alirithi jina la baba yake, na mwana wa kiume ndiye aliyelitunza, akayatunza na makaburi ya wazee. Mtu asiyekuwa na mwana alihesabiwa kuwa amekatika kama kamba.

Sasa tumwangalie mtu wetu. Zheng He hakuzaliwa katika ukoo wa Zheng. Alizaliwa na jina la Ma He, katika mji wa Kunyang, jimbo la Yunnan, huko kusini-magharibi ya Uchina, karibu na ziwa liitwalo Dian. Ni nchi ya milima, mbali na bahari. Watu wa kwao walikuwa Waislamu. Walijihesabu kuwa wazao wa Sayyid Ajall Shams al-Din, mtu wa Bukhara katika Asia ya kati, ambaye Wamongoli walipoitawala Uchina walimfanya gavana wa Yunnan tangu mwaka 1274.

Jina hilo la Ma lina asili zaidi ya moja, nami nitaeleza mbili. Kwa maandishi ya Kichina, Ma ni farasi. Asili ya kwanza ni ya kale mno. Karibu mwaka 270 kabla ya Kristo palikuwa na jemadari mmoja wa nchi ya Zhao, jina lake Zhao She. Aliwashinda askari wa nchi ya Qin, ambao wakati huo waliogopwa na kila mtu, na mfalme wake akamtunukia cheo cha Bwana wa Mafu. Wazao wake wakakifanya cheo hicho kuwa jina la ukoo, na baadaye wakalifupisha likawa Ma. Asili ya pili ni ya Waislamu. Wageni waliotoka Uajemi na Asia ya kati walipokaa Uchina na kuoa huko, iliwabidi wawe na majina yanayoweza kuandikwa kwa herufi za Kichina. Wengi walitwaa sauti ya kwanza ya jina la Muhammad, wakaiandika kwa herufi ya farasi, wakawa watu wa ukoo wa Ma. Wengine walifanya vivyo hivyo kwa majina mengine. Wale wa ukoo wa Na hujihesabu kuwa wazao wa Nasr al-Din, mwana wa yule Sayyid Ajall. Basi watu wawili waweza kuitwa Ma, mmoja kwa sababu ya jemadari wa Zhao, na wa pili kwa sababu ya Mtume, na herufi ikawa ile ile moja.

Baba wa kijana wetu alijulikana kwa jina la Ma Haji, na babu yake vile vile, kwa sababu wote wawili walikuwa wamekwenda Makka kuhiji. Nyumba hiyo ilikuwa na wana wawili na mabinti wanne. Mkubwa wa wana aliitwa Wenming, na wa pili ndiye He.

Mwaka 1368 Wamongoli walifukuzwa katika kiti cha ufalme, ikaanza enzi ya Ming. Lakini Yunnan ilibaki mikononi mwa Wamongoli, hata mwaka 1381 mfalme wa Ming alipopeleka jeshi kubwa kuiteka. Katika vita hivyo nyumba ya Ma ilivunjika. Ma Haji alifariki mwaka 1382, akiwa na umri wa miaka 39 kwa hesabu ya Wachina. Mwanawe He, mtoto wa miaka kumi hivi, alikamatwa na askari. Wakamhasi, wakamfanya towashi, kama walivyowatenda wavulana wengi waliotekwa, ili awe mtumishi katika nyumba za wakubwa.

Fikirini jambo hilo, ninyi mlio wa kidato cha kwanza, ambao umri wenu haupiti wake sana. Kwa muda mfupi amempoteza baba, nyumba, na nchi. Na zaidi ya hayo, katika desturi ya Wachina niliyoieleza, amekatwa asiweze kamwe kupata mtoto wa kulipokea jina lake.

Alipelekwa kaskazini, mpaka mji wa Beiping, ambao leo ni Beijing, akatumikia katika nyumba ya Zhu Di, mwana wa nne wa mfalme. Zhu Di alikuwa mtu wa vita, akiulinda mpaka wa kaskazini. Yule kijana alikua katika kambi za askari, akajifunza kupanda farasi, na vita, na kazi za utawala. Bwana wake akamwamini.

Mfalme mzee alipofariki mwaka 1398, kiti hakikuja kwa Zhu Di, bali kwa mtoto wa kaka yake. Mwaka uliofuata Zhu Di akaasi. Jeshi la mfalme mpya likauzingira mji wa Beiping wakati wa baridi kali. Mapigano makubwa yalitokea mashariki ya mji, mahali paitwapo Zhengcunba, yaani boma la maji la kijiji cha Zheng. Hapo Ma He alijipatia sifa, na jeshi la mfalme likashindwa. Vita vikaendelea mpaka mwaka 1402, Zhu Di alipoingia Nanjing na kukalia kiti. Enzi yake ikaitwa Yongle.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa Kichina, mwaka 1404, mfalme aliwatunza waliomsaidia. Ma He akapewa jina jipya la ukoo, nalo ni Zheng, kwa ukumbusho wa vita vya Zhengcunba. Akafanywa na mkuu wa matowashi waliosimamia kazi za jumba la mfalme. Kupewa jina la ukoo na mfalme ilikuwa heshima kubwa ambayo haikukataliwa. Tangu siku hiyo akawa Zheng He.

Nami hapa nilijiuliza, je, hilo jina la Zheng lilitoka wapi hata likafika katika kijiji kile? Nilipofuata habari zake niliona maajabu. Mwaka 806 kabla ya Kristo mfalme Xuan wa enzi ya Zhou alimpa mdogo wake nchi ndogo iitwayo Zheng, katika upande ambao leo ni jimbo la Shaanxi. Mwaka 771 makabila ya magharibi yalishambulia, yakamwua mfalme wa Zhou wa wakati huo, na yule bwana wa Zheng akauawa pamoja naye. Walionusurika wakajenga nchi yao tena upande wa mashariki, katika jimbo la Henan, mahali ambapo mpaka leo panaitwa Xinzheng, maana yake Zheng Mpya. Walikaa huko karne nyingi, mara wakiwa na nguvu, mara wakibanwa na majirani wakubwa, hata mwaka 375 nchi jirani ya Han ikawashinda na kuimeza nchi yao. Watu wa nasaba ile wakatawanyika. Nchi hawakuwa nayo tena, wala mfalme. Wakalichukua jina la nchi iliyopotea wakalifanya jina la ukoo, ili watoto wao wasisahau walikotoka. Wakazaana, wakaenea, na katika kile kitabu cha majina ya koo walichokariri watoto wa Kichina tangu enzi ya Song, Zheng ni jina la 7.

Tazameni basi mwendo wa jina hilo. Nchi ilikufa, jina likabaki kwa watu. Likaingia katika jina la kijiji karibu na Beiping. Hapo likachukuliwa na mfalme akapewa mtoto wa Kiislamu kutoka Yunnan, aliyetekwa vitani. Jina alilopewa badala ya lake lilikuwa lenyewe ni jina la watu waliopoteza kwao.

Je, alilisahau la kwanza? Jibu lake limechongwa katika jiwe. Mwaka 1405, kabla hajaondoka kwa safari yake ya kwanza, alimwomba waziri wa ibada, Li Zhigang, aandike maneno ya kaburi la baba yake, nayo yakachongwa katika jiwe lililosimamishwa Kunyang. Jiwe hilo linamtaja Ma Haji na mke wake wa ukoo wa Wen, na watoto wao, na linamsifu kwa wema aliowatendea maskini. Linaeleza pia kuwa mwana wake wa pili amepewa na mfalme jina la Zheng. Mtu ambaye mfalme alikuwa amembadili jina mwaka mmoja tu uliopita alihakikisha kwamba jina la baba yake linabaki mahali pake.

Kisha akaingia baharini. Safari zake ni 7, tangu mwaka 1405 mpaka 1433. Ya kwanza ilikuwa na merikebu kubwa 62 na watu zaidi ya 27,000: mabaharia, askari, waganga, makarani na wakalimani. Walifika Java, Malacca, Sri Lanka na Calicut katika Bara Hindi. Baadaye Hormuz na pwani za Arabuni. Hazikuwa safari za biashara tupu, wala hazikuwa za amani siku zote. Huko Palembang alimkamata Chen Zuyi, mkuu wa maharamia, akauawa Nanjing mwaka 1407. Na huko Sri Lanka alipigana na mfalme wa nchi, akamchukua mateka mpaka Uchina mwaka 1411. Nia ya mfalme wa Uchina ilikuwa watawala wa nchi za mbali wapeleke wajumbe na zawadi, wamtambue kuwa mkubwa.

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki nayo imo katika habari hizo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walipeleka twiga kwa mfalme wa Uchina. Wachina walistaajabu sana, wakamfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana wakati wa utawala mwema. Katika safari ya tano, kati ya mwaka 1417 na 1419, merikebu zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Katika mambo ya dini Zheng He hakuwa mtu wa upande mmoja. Liko jiwe aliloliacha Galle, Sri Lanka, lenye tarehe ya mwaka 1409, limeandikwa kwa lugha tatu: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Kila lugha inatoa heshima na zawadi kwa namna yake, moja kwa Buddha, moja kwa mungu wa Wahindu, na moja kwa Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1911, na limehifadhiwa katika makumbusho ya Colombo. Alitoa shukrani pia kwa Tianfei, ambaye mabaharia wa Kichina humwomba ulinzi. Lakini hakuwatupa Waislamu wenzake. Mkalimani wake mmoja, ambaye baadaye aliandika kitabu cha nchi walizozitembelea, alikuwa Mwislamu wa jimbo la Zhejiang, na jina lake ni Ma Huan. Wakati mwingine nafikiri, kila alipomwita mtu huyo, Zheng He alilisikia jina lake la utotoni.

Narudi katika lile jiwe la Kunyang, maana hadithi yake haikuishia mwaka 1405. Zheng He aliporudi kutoka safari ya tatu, mwaka 1411, alipata ruhusa ya mfalme, akasafiri nchi kavu mpaka Yunnan. Alikuwa amekaa mbali karibu miaka 30. Aliondoka akiwa mtoto aliyefungwa, akarudi akiwa mkubwa wa serikali. Akakaa huko akisafisha makaburi ya wazee na kuwaombea. Kisha yakaongezwa katika jiwe maneno machache ya kuandika ziara hiyo, na humo ametajwa kuwa mwana wa pili wa nyumba ya Ma, na papo hapo ametajwa kwa cheo chake na kwa jina la Zheng He. Koo zote mbili zikakaa katika mstari mmoja, pasipo moja kuifukuza nyingine.

Mfalme Yongle alifariki mwaka 1424, na safari zikasimamishwa. Zheng He akapewa kazi ya kuulinda mji wa Nanjing. Mwaka 1430 mfalme Xuande aliamuru safari ya mwisho, na merikebu zikaondoka mwaka uliofuata. Katika safari hiyo baadhi ya watu wake walifika hata Makka, mji ambao baba yake na babu yake walikuwa wameufikia. Yeye aliaga dunia karibu mwaka 1433. Kaburi la ukumbusho wake liko katika kilima cha Niushou, Nanjing, na lilijengwa upya mwaka 1985 kwa mtindo wa makaburi ya Kiislamu.

Na je, kamba ilikatika? Haikukatika. Mtoto wa kaka yake Wenming alihesabiwa kuwa mwana wake, akachukua jina la Zheng. Wako watu mpaka leo, katika Yuxi huko Yunnan na katika Nanjing, Waislamu wa ukoo wa Zheng, wanaojihesabu kuwa wazao wa mtoto huyo. Damu yao ni ya Ma, na jina lao ni Zheng, na hawaoni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Baada ya kusoma habari hizi nilikwenda kijijini kumwona mjomba, maana sikuwa nimemweleza nia yangu ya kulifuta jina lake. Nilimweleza. Hakukasirika. Alisema nifanye ninavyoona vema, kwa kuwa mimi ni mtoto wa wenyewe na yeye alinitunza tu. Lakini jioni ile chakula kilipowekwa hakula, akasingizia jino. Nikakumbuka siku aliyonishika mkono kunipeleka shule, na karo alizolipa kwa kuuza ng'ombe wake mmoja mmoja mpaka zizi likabaki tupu.

Basi sikwenda kwa wakili. Likizo iliyofuata nilinunua mifuko 2 ya saruji, nikaenda kulijengea kaburi la baba yangu, ambalo lilikuwa limebaki tuta la udongo lenye majani. Mjomba, mzee kama alivyo, alikataa kukaa kivulini. Yeye ndiye aliyekoroga saruji. Fundi akaandika jina la baba na la ukoo wake. Chini yake akaandika kwamba kaburi limejengwa na mwanawe, kisha jina langu kama lilivyo katika cheti changu, pamoja na la mjomba. Wapitao husoma, wakauliza, na mama huwaeleza.

Wazee husema, mwacha asili ni mtumwa. Zheng He alifanywa mtumwa kwa nguvu, lakini asili yake hakuiacha. Nanyi wadogo zangu mlio madarasani, najua wamo kati yenu wenye majina yaliyokosewa na makarani, na wenye majina ya baba wa kambo, au ya wafadhili waliowaokota wakati wa vita. Wenzenu wakiwacheka, wasimulieni habari za mtu huyu. Na likizo ikifika, nendeni mkayapalilie makaburi ya wazee wenu.